Nafasi ya Misumari

9 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Hilo doa la kahawia hapo juu ni mkono wa mjukuu wako. Sasa hivi tu nimegeuka kutafuta kalamu, yeye akatumbukiza kiganja kwenye kikombe changu cha chai, nashukuru ilikuwa imepoa, akakipiga juu ya karatasi, pa! kama karani anayegonga muhuri. Akakitazama kiganja, akaitazama karatasi, akacheka peke yake. Nimeshindwa kuitupa. Basi pokea salamu zake kwanza, maana zimetangulia zangu.

Shikamoo Mjomba. Mimi sijambo. Kifaranga hajambo, ila anaota magego na maumivu yake tunayagawana. Baba yake hajambo, yuko kazini huko mbali, anakusalimia sana na anasema kazi ni nyingi ila afya ni njema. Wewe je? Masikio je? Ningekupigia simu lakini nakujua, utaishika mbali na sikio kama mtu aliyeshika samaki, halafu useme "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu. Afadhali barua. Jirani yangu fundi cherehani hutuma nguo za wateja kwa basi, amekubali bahasha zangu zisafiri na nguo zake.

Chumba chetu ni kile kile, kitanda, meza, na dirisha linaloangalia ukuta. Ukuta huo nimeujua kuliko uso wangu. Asubuhi wapangaji wote wanakwenda makazini, tunabaki mimi, Kifaranga na bomba la uani linalodondoka. Siku nyingine najikuta nalijibu.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi, au niseme nimepata pa kuitafutia. Mtandaoni kuna mahali pa mashindano ya kuchora. Mwenye duka anaeleza kuwa anataka nembo au kibao, na yeyote mwenye simu, popote alipo, anachora anampelekea. Wanakuwa wengi mno. Yeye anachagua mmoja, na huyo ndiye anayelipwa. Mjomba, hakuna anayeniuliza niliishia darasa la ngapi! Hakuna anayeniambia "na mtoto utamwacha na nani?" Wanatazama mchoro tu, na wangu unakaa mstari mmoja na wa watu waliosomea. Kifaranga akilala mchana, nachora kwa kidole kwenye kioo cha simu.

Sasa hivi nachora cha kinyozi. Sijashinda bado, lakini ukishinda mara moja wanakuandika pembeni ya jina kwamba huyu amewahi kushinda, na hapo wateja wanakuona. Nataka siku moja nikuandikie hivi: Mjomba, nimeshinda. Niombee.

Mpwa wako,
Shoto, kama ulivyoniita kwa huu mkono wangu wa kushoto


2 Aprili

Mpwa wangu Shoto,

Marahaba. Muhuri wa mjukuu umefika salama. Nimeukata nikaubandika ukutani karakanani. Akija mtu kuuliza leseni namwonyesha huo.

Mimi mzima. Masikio ni kama mlango uliovimba kwa mvua, mpaka usukumwe. Ngazi ya kutundikia vibao ipo. Tangu uolewe hakuna wa kuishika chini, naifunga kwa kamba kwenye nguzo. Kamba ni mwaminifu, ila haina maneno.

Sasa haya mashindano. Nimesoma barua yako, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nieleweshe mimi mzee. Watu mia wanachora, mmoja analipwa? Na mikono ya hao wengine je? Hebu mtu aite mafundi wa mtaa mzima kila mmoja amshonee suruali, avae moja, kisha awaambie waliobaki "asanteni, chukueni vitambaa vyenu." Si watamfukuza na mikasi?

Na jingine. Mteja humwoni. Mimi sikuwahi kugusa brashi kabla sijakaa kwenye benchi la mwenye duka nikamtazama anavyouza. Kwa yule mwokaji wetu nilikaa asubuhi nzima, nikala mkate wake mpaka akaanza kununa, ndipo nikajua kibao chake kinataka mvuke. Wewe unayemchorea kinyozi, umeuona mkono wake unavyoshika mkasi?

Lakini sikukatazi. Mkono usiochora hukauka. Ila usisahau lile la kwanza. Kibao cha kwanza nilichokupa ulikijaza maua mpaka kwenye kingo, nami nikapigilia msumari katikati ya ua. Ulilia mchana kutwa. Nikakuambia: kitu cha kutundikwa, kiachie pembe zake. Acha nafasi ya misumari.

Mwokaji hajaleta kibao chake bado. Kabla ya mvua huja nacho kichwani mwenyewe nikipake upya, na mvua zimeshaanza. Labda ana shughuli.

Mjukuu anashika kijiko kwa mkono gani? Na mwenzio anarudi lini?

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimeketi juu ya beseni lililogeuzwa, Kifaranga yuko mgongoni ananivuta nywele kama mwendesha gari. Hatujambo. Baba yake hajambo, yuko kazini huko mbali, anakusalimia sana na anasema kazi ni nyingi ila afya ni njema.

La kinyozi limenitoka. Nilichora chanuo, na meno ya chanuo yakawa watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Nililipenda, nilicheka nikilichora. Baada ya siku chache mtu mwingine akaleta chanuo lile lile, watu wale wale, kaligeuza tu liangalie upande wa pili na kulipaka buluu. Huyo ndiye akashinda. Nikalalamika. Wakanijibu "asante kwa kushiriki." Nikalia kidogo, nikafua nguo zote za nyumbani, hata zilizokuwa safi.

Lakini sikiliza, Mjomba. Mwanamke mmoja wa nchi ambayo sijui hata lugha yake, naye mshiriki, aliniandikia chini ya mchoro. Simu ikanitafsiria. Alisema "chanuo lilikuwa lako, mimi niliona." Neno hilo lilinikaa kifuani siku nzima. Ukimtoa fundi cherehani, ndiye mtu mzima pekee aliyezungumza nami juma lile. Na kwa kutazama kazi za wenzangu nimejifunza rangi. Kumbe kijivu kidogo tu kinaifanya nyekundu ipige kelele. Nani angenionyesha hayo nikiwa humu ndani?

Sasa kuna jipya, na hili nasema ni langu. Duka la mkate! Wameandika kwa Kiswahili kilichopigwa pasi kwamba ni biashara ya familia, wana oveni ya kuni, kibao cha zamani kimechakaa, vijana wa nyumba wanataka jina jipya na sura mpya. Kati ya wote walioingia humo, nani anaujua mkate wa oveni ya kuni kama mimi? Si wewe uliyekuwa ukinituma kwa mwokaji wetu kila asubuhi, na mkate ukifika nyumbani hauna ncha? Nimechora mkate uliomegwa kwa mkono, haukukatwa kwa kisu, na mvuke unapanda.

Na pembe nne nimeziacha wazi. Washiriki wenzangu wameniandama kwelikweli! Mmoja kaandika "hili kosa la mwanafunzi, pembe tupu." Mwingine kauliza kama simu yangu ni ndogo. Nilitaka kuzijaza masuke ya ngano. Nikakumbuka lile ua langu na msumari wako. Nimeziacha.

Mpwa wako


15 Mei

Shoto,

Marahaba, na mjukuu umbusu kwenye kisogo. Mimi mzima. Siku hizi nina nafasi, nakaa mlangoni pa karakana natazama wapita njia. Karibu wote nawajua kwa viatu.

Aliyekuibia chanuo mwache. Atachania upara.

Pembe zikae wazi. Wanaokucheka hawajawahi kupanda ngazi.

Salamu za mwenzio nimezipokea. Ni zile zile za Machi, neno kwa neno. Mimi ni mchora herufi, mama. Kitu kilichonakiliwa nakijua. Sikuulizi. Nasema tu kwamba mlango wa huku haujawahi kuwa na kufuli.

Hujanijibu la kijiko.

Mjomba


11 Juni

Mjomba, nimeshinda!

Ngoja nianze kwa adabu. Shikamoo. Kifaranga hajambo, hapa anazunguka na sufuria kichwani kwa sababu ameniona nimefurahi. Mimi sijui hata nikuambie nini kuhusu mimi. Nimeshinda! Lile la mkate! Mwenye duka kaandika kwamba amepata michoro mingi mizuri, mingine mizuri kuliko wangu, lakini huu ndio pekee unaonukia. Unaonukia, Mjomba!

Nilipoona jina langu nilisimama katikati ya chumba na simu mkononi. Nikageuka huku, nikageuka huku. Hapakuwa na wa kumwambia. Nikamwambia Kifaranga, "Mama ameshinda." Akaniambia, "Maji." Nikampa maji. Nikaenda kwa fundi cherehani, akazima cherehani yake, akaniangalia, akapiga kigelegele kimoja kirefu uani na wapangaji hawapo. Kilirudi kutoka ukutani kama tulikuwa wengi.

Malipo yamefika. Kifaranga amepata viatu, vya kupiga kelele, najuta. Na wewe nakutumia kopo la rangi nyekundu, ile nzito unayoipenda, ambayo ulikuwa ukisema kwamba kibao cha mkate bila nyekundu hiyo ni karatasi ya dawa. Kipake cha mwokaji wetu akikileta, iwe mimi na wewe tumekipaka pamoja.

Mpwa wako, mshindi


19 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Mbona kimya? Kopo lilifika, au lilimwagika njiani likaharibu nguo za watu? Fundi cherehani anasema hakuna mteja aliyelalamika. Nikisikia basi limepita barabara kubwa natoka mlangoni. Kifaranga naye sasa anatoka, hajui tunasubiri nini, anasimama tu amenishika gauni.

Niandikie hata mstari.

Shoto


30 Julai

Mpwa wangu,

Kopo lilifika zima. Nisamehe kwa kimya. Haukuwa ugonjwa. Nilianza kukuandikia mara kadhaa, kalamu ikawa nzito.

Nikupe habari za hapa. Mwokaji alikuja karakanani mwanzoni mwa mwezi. Nikasema moyoni, haya, amekikumbuka. Kumbe kwapani amebeba kibao kipya cha plastiki, kimetoka kwenye mashine, kinang'aa kama sahani ya wageni.

"Fundi!" akanipigia kelele, maana anayajua masikio yangu. "Wanangu wameniingiza kwenye mashindano ya mtandaoni. Watu wa dunia nzima wamenichorea! Ukifungua simu mkate, ukifungua tena mkate. Wewe miaka yote umenichorea mkate mmoja tu."

"Na wa kukutundikia wamekuja wangapi?" nikamuuliza.

Akajikuna shingo. "Ndiyo maana nimekuja, fundi. Vijana wanaiogopa ngazi."

Twende basi. Nikapanda, yeye akaishika ngazi kwa mkono mmoja, macho yako barabarani. Nikakishusha changu. Nikakiinua hicho kipya natafuta pa kupigilia. Vibao vya mashine nimevitundika kadhaa, na siku zote msumari unaishia kwenye jicho la mtu au katikati ya herufi. Hiki, pembe ya kwanza iko wazi. Ya pili iko wazi. Nikazitazama zote. Kisha nikautazama mkate, umemegwa kwa mkono, na mvuke wake umelala kushoto, kama kila kitu ulichowahi kunichorea, unavyouvuta mstari kwa huo mkono wako.

"Vipi fundi, kimepinda?"

"Hakijapinda."

"Aliyekichora yuko mbali sana. Hata hatumjui."

"Mbali, ndiyo," nikasema.

Sikumwambia. Nilikaa juu kule muda mrefu kuliko kazi inavyotaka. Nilipigilia misumari, na hakuna hata mmoja uliogusa kitu.

Ni kizuri kuliko changu, Shoto. Nasema kama fundi, si kama mjomba. Na mwokaji ana haki yake. Mimi nilikuwa namrudishia mkate ule ule kila mwaka, na yeye ana wajukuu wanaotaka kingine. Nilikuambia mteja humwoni. Huyu ulimwona tangu ukiwa na kimo cha Kifaranga.

Kopo bado sijalifungua. Nyekundu hiyo ilikuwa na kazi moja. Usihuzunike, nimekukataza. Kibao changu cha zamani nilikiomba, nimekiegemeza ndani. Mbele kimekwisha, lakini nyuma ni mbao safi.

Ngazi imeanza kuwa ndefu.

Kijiko je?

Mjomba wako


12 Agosti

Mjomba wangu,

Sasa hivi Kifaranga amepanga viatu mlangoni. Vyake, vyangu, na kandambili kubwa alizozivuta kutoka chini ya kitanda. Amezifuta vumbi kwa kiganja, akanitazama, akaniuliza, "Za nani?"

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama, nilipofika kwenye pembe nne nikakaa chini sakafuni. Hukuniambia nimekunyang'anya kazi mkononi. Ndiyo maana najiambia mwenyewe. Nilikuchukulia mkate, kisha nikakutumia rangi ya kushangilia. Umenikataza kuhuzunika lakini hilo hukulichora vizuri, Mjomba, nimehuzunika.

Tangu nianze nilikuwa nawafikiria wale wote tunaochora bure, kwamba sisi ndio tunaopoteza. Sikujua kuna mtu mmoja ambaye hata kwenye kushindwa hakualikwa. Amekaa mlangoni pake anasubiri kibao kije kichwani mwa mwenyewe.

Lakini sitayatukana mashindano, nitakuwa mwongo. Bila hayo ningekuwa bado naongea na bomba. Yule mwanamke wa chanuo bado ananiandikia, mvuke wangu aliusifu hata kabla sijashinda, na yeye alikuwa akishindana nami. Mwokaji mwenyewe, kama ningekwenda kwake na gauni hili na mtoto mgongoni nikamwambia "nitakuchorea," angenipa ncha ya mkate na kuniambia nenda zako. Simu haikumwonyesha gauni. Ilimwonyesha mkate. Nitaendelea kushiriki mtoto akilala. Ila nimechoka kuchora tu kwa watu ambao sitawaona wakisimama barabarani, wameinua kichwa, wanatabasamu kwa kitu nilichokifanya. Wewe umekiona kibao changu. Mimi sijakiona.

Nimefikiri hivi. Lile kopo usilifungue peke yako. Ule ubao uliouegemeza, upige msasa upande wa nyuma. Mtaa mzima una vibao vyako, lakini mlango wa karakana haujawahi kuwa na kibao hata siku moja, uliwahi kugundua? Mtu mgeni akipita ataona mzee amekaa, hatajua kuna fundi. Tukichore hicho kwanza. Wewe ukae kwenye benchi kama mteja, mimi nikutazame asubuhi nzima, nile mkate wako mpaka unune. Herufi zako, rangi nitachagua mimi. Kijivu kidogo, utaona nyekundu yako itakavyopiga kelele. Pembe utaziacha wewe.

Kijiko anashika kwa kushoto. Tangu Machi nilikuwa sikujibu kwa sababu nilitaka umwone kwa macho yako, tukija sote watatu. Tutakuja wawili. Mmoja atashika ngazi, na mwingine atashika gauni la anayeshika ngazi. Mwisho wa mwezi, kodi ya chumba ikiisha. Nguo ni chache, simu moja, na hivyo viatu vya kelele, utatusikia hata kwa masikio hayo.

Fundi cherehani ananiita uani. "Mama Kifaranga! Natoka na nguo zangu, basi halimsubiri mtu, bahasha iko wapi?" Nakuja, dada, nakuja! Mjomba, anagonga dirisha. Kuhusu baba yake Kifaranga, zile salamu nilikuwa nazitunga mwenyewe, wewe ulishajua, lakini nilitaka nikuambie mwenyewe kwa mkono wangu kwamba alituacha, na tangu